Bwana Harusi na Vibao vya Houston

Sehemu ya Tisa

Kidole chenye glavu nyeusi kiligonga kioo cha gari mara tatu. Ko, ko, ko.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki jana, na wengine wenu mmenitukana. Bibi mmoja amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne akidai nimempandisha presha. Haya mama, meza dawa yako tuendelee.

Na wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nakupa machache tu, usinicheleweshe. Ubeid ni kijana wa Kizanzibari, anakaa Garland, kando ya Dallas, anafanya kazi ghalani. Jumamosi hii ya Oktoba 2018 yumo njiani kwenda Houston kumwoa Afnan. Baba yake Afnan ni Mzee Munir, dereva wa malori wa miaka ishirini, mtu anayelala na saa mkononi. Na Mzee Munir hamtaki Ubeid kwa sababu moja: Ubeid hajui njia.

Posa ya kwanza ilikuwa Fort Worth, kwa Ami Twalib, ndugu yake Mzee Munir. Ubeid alitokea Denton akafuata barabara ya 35, ambayo pale inajigawa mbili, moja ya Fort Worth na moja ya Dallas. Akashika ya Dallas. Alifika watu wameshakula, wameshanawa, wameshalala.

Posa ya pili ilikuwa Houston kwenyewe. Akaingia 610, ile barabara inayouzunguka mji, akauzunguka mji mara tatu mpaka petroli ikamwishia. Ami Twalib alicheka siku hiyo hadi akashikwa na kwikwi, na tangu hapo anamwita Bwana Mzunguko.

Mzee Munir hakucheka. Alisema, "Mwanamume asiyeiona Houston, mji mzima huu, atamwonaje mwanangu?" Kisha akatoa neno la mwisho: nikaha ni leo, msikitini, swala ya Alasiri, saa kumi na moja kamili. Wakishakimu swala Ubeid hajafika, hakuna posa ya tatu.

Sasa turudi kwenye kioo.

Msafara ulikuwa umesimama kwenye taa nyekundu, barabara ya pembeni ya ile kuu ya 45, kaskazini mwa Houston. Magari saba yamefuatana. Bi Khairiya, shangazi yake Ubeid, ndiye aliyetoa amri tangu Garland: taa kubwa ziwake mchana kweupe, zile za hatari, hazard, zipepese, mwendo mmoja, asipite mtu. "Kama harusi za kwetu," alisema. Riboni nyeupe walizifunga pia, lakini upepo wa barabara kuu ulizing'oa zote kabla ya Huntsville.

Polisi wa pikipiki akainama, akachungulia ndani. Kwenye usukani alikuwa Leonce, Mrundi wa Fort Worth, rafiki yake Ubeid wa ghalani. Bwana harusi, kwa historia yake, hakuruhusiwa kushika hata kifuniko cha usukani. Alikaa kando amevaa kanzu nyeupe, kilemba, na joho jeusi la marehemu babu yake lenye nakshi za dhahabu kifuani.

Polisi aliliona joho. Akashusha sauti.

"Mheshimiwa, kumbe uko huku nyuma! Wewe unatakiwa mbele kabisa. Taa nyekundu imewakata na wenzenu. Nifuateni, nitawafungulia njia."

Akawasha king'ora, akaondoka.

"Umesikia, shangazi?" Ubeid alisema, kifua kimemjaa. "Mheshimiwa!"

"Nilikwambia joho hilo lina baraka," akasema Bi Khairiya kutoka kiti cha nyuma, amekumbatia sanduku la mahari: msahafu, na cherahani ndogo ya umeme aliyoitaka Afnan mwenyewe. "Ati walisema Marekani hawajali harusi."

Nanyi mliokwisha kuelewa, nyamazeni. Msiwaharibie wenzenu.

Taa nyekundu wakazipita. Makutano yakafungwa. Malori makubwa, yale ambayo siku zote hayampishi mtu, yakajiweka pembeni yakatulia. Mzee mmoja wa Kitexas akashuka kwenye pikapu yake, akavua kofia pana, akaiweka kifuani, akainamisha kichwa.

"Lo! Heshima hii!" Bi Khairiya akafungua kioo, akampigia vigelegele vya nguvu.

Yule mzee akainua kichwa, akamtazama, akakishusha tena na kufuta jicho.

Mbele wakakuta magari matatu yanakwenda taratibu, nayo yana hazard. Polisi akayasogeza kando kwa mkono, akampanga Leonce nyuma tu ya gari refu jeusi linalong'aa.

"Limuzini!" Bi Khairiya alipiga makofi. "Munir katuletea limuzini! Mungu anisamehe, nimemsema vibaya toka Garland mpaka hapa."

Leonce alilitazama gari lile. Akakohoa.

"Mama, hii gari haina viti vya nyuma."

"Magari ya wakubwa ndivyo yalivyo."

"Mama, miye nimezika watu wengi. Hii gari naijua."

Ubeid akatazama pazia jeupe kwenye kioo cha lile gari. Akatazama maua.

"Leonce. Toka. Toka kwenye exit hii hapa!"

"Siwezi toka. Polisi alisema fwata."

"Alikosea!"

"Ubeid, ndugu yangu, Jumatatu nanyoosha mkono, nakula kiapo, nakuwa raia. Nilikaa kambini miaka kumi na saba. Kumi na saba! Polisi wa Amerika akisema fwata, nafwata mpaka kaburini."

"Ndiko tunakokwenda!"

"Basi tutafika."

Kibao cha kijani cha 610 kikapita juu ya vichwa vyao. Ile ndiyo ilikuwa njia ya msikitini. Ubeid alikitazama kikipita, akapiga ngumi paja lake na kusema lile neno lake la miaka miwili, analolisema kila akipotea:

"Aliyeweka vibao vya mji huu, Mungu atamuuliza!"

Saa ilikuwa kumi kasoro dakika tano.

Makaburini palikuwa na shimo moja, turubai moja, na viti hamsini. Watu waliotoka kwenye yale magari matatu walikuwa wanne. Wanne! Kisha milango ya magari ya Ubeid ikafunguka, wakamiminika mabibi na mabwana thelathini wa Garland, kanzu zimepigwa pasi, hina mpaka viwikoni, manukato ya udi yanatangulia.

Ubeid akaenda mbio kwa polisi amweleze. Hakufika. Bibi mmoja mwembamba, mwenye nywele nyeupe na viatu virefu vya wachunga ng'ombe, alimkamata mikono yote miwili.

"Mmekuja," alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Hollis wangu aliniambia atazikwa na watu wanne na dereva. Nikamwambia watakuja wengi, nilikuwa namdanganya tu afe kwa raha. Na tazama! Tazama!"

Ubeid akamwacha polisi, akamfuata yule mjane.

Wewe ungesema nini? Mimi nisingeweza.

Wakamkalisha mstari wa mbele. Mtu mmoja akampa karatasi yenye picha ya marehemu. Ubeid aliitazama mara moja, kisha akaileta karibu na pua. Mzee yule alikuwa amevaa kofia ya chuma, nyundo mkononi, anacheka, na nyuma yake kulikuwa na kibao kikubwa cha kijani. Chini paliandikwa: fundi wa vibao vya barabara kuu za Houston, miaka thelathini na minane.

"Shangazi," alinong'ona. "Ni yeye."

"Nani?"

"Ninayemwombea mabaya."

"Astaghfirullah!"

Mjane akainama kwake. "Mlijuana kazini?"

"Mimi..." Ubeid aliikunja ile karatasi. "Mimi nimesoma kazi zake zote, mama."

Wakati huohuo simu ya Bi Khairiya ikalia. Mzee Munir. Akaipokea kwa kunong'ona, na mnaojua kunong'ona kwake mnajua kwamba hata marehemu alisikia.

"Mko wapi?" Mzee Munir alinguruma. "Shekhe ameshafika, na watu wameanza kutia udhu."

"Tuko makaburini, shemeji."

"Makaburini? Kwa nini? Nani kafa?"

"Hatumjui!"

Lakini hilo la mwisho alilisema kwa kioo cheusi. Simu ilikuwa imezima. Tangu alfajiri alikuwa akirekodi video za msafara, chaji ingetoka wapi? Na Ubeid, kwa adabu ya mazishi, ya kwake alikwisha kuifunga na kuitia mfukoni.

Likumbukeni hilo. Litatuua mbele.

Jeneza likateremshwa. Msimamizi wa mazishi akamwashiria Ubeid kwa heshima: mheshimiwa, sema neno.

"Nifanyeje?" Ubeid aliuliza.

"Nenda ukaseme jema," akasema Bi Khairiya. "Jema halina ubaya kwa yeyote. Na usikae huko mpaka kesho."

Akasimama ukingoni mwa kaburi. Kiingereza chake kilikuwa cha ghalani, lakini kilimtosha.

"Bwana Hollis, mimi si kasisi. Mimi ni bwana harusi, na hapa nimefika kwa kupotea."

Wale wanne wakainua vichwa. Polisi akavua miwani.

"Miaka miwili nimekulaani. Nilizunguka 610 mara tatu, na kila nilipoona kibao chako nilikuwa nimeshapita. Nilikosa mke kwa ajili yako. Leo pia namkosa, dakika hii ninaposema. Nilidhani vibao hivi vimewekwa na mashine, au na mtu asiyejali. Sikujua kuna mtu alipanda juu kule kwenye jua hili, miaka thelathini na minane, ili mimi nifike. Mimi ndiye nisiyesoma. Nisamehe, na mimi nimekusamehe."

Alilia, msimcheke. Leonce naye alikuwa amepiga ishara ya msalaba na kamasi zinamtoka. Mabibi wa Garland walilia kwa sababu shangazi alilia.

Mjane akanyanyuka. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Watu wakadhani anazimia, kumbe anacheka.

"Hollis mwenyewe alikuwa akipotea kila siku!" alisema. "Siku ya harusi yetu alichelewa saa mbili nzima. Baba yangu alikuwa ameshika bunduki. Ndiyo maana Hollis akaomba kazi ya vibao." Akafuta macho. "Mwanangu, unatakiwa kule saa ngapi?"

"Saa kumi na moja kamili."

"Sasa hivi ni kumi na dakika ishirini na nane. Ni wapi?"

"Kusini magharibi, barabara ya 59, karibu na Bissonnet."

Mjane akamgeukia polisi. "Wasindikize."

"Mama, siwezi," polisi akasema. "Ruhusa niliyo nayo ni ya msafara wa mazishi. Harusi haimo. Bila gari la maiti kutangulia, siruhusiwi kusimamisha hata baiskeli."

Mjane akaligeukia lile gari refu jeusi. Akamtazama dereva wake.

"Gari hili nimelikodi mpaka saa kumi na mbili, sivyo?"

"Ndiyo mama, lakini sasa ni tupu."

"Nani anajua? Washa taa." Akafungua mlango wa mbele, akapanda na viatu vyake vya ng'ombe. "Hollis hakupata kumwacha mtu njiani. Twende!"

Jamani, mimi nimeandika hadithi nyingi katika gazeti hili, lakini msafara kama ule sijapata kuandika. King'ora mbele, gari la maiti tupu, bwana harusi, magari sita ya hina na udi, na mwishoni wale waombolezaji watatu wa Kitexas waliosema hawana pa kwenda Jumamosi. Wakashuka 45. Wakaingia 610. Mji wote ukasimama pembeni na kuvua kofia. Leonce aliendesha akiimba zaburi, kwa sababu sasa sheria na rafiki yake walikuwa upande mmoja.

Na Ubeid alisoma. Kila kibao, kwa sauti. Maili mbili kabla ya 59, kibao. Maili moja, kibao. Kisha mshale.

"Shangazi, vinakwambia mapema!" alipiga kelele. "Vilikuwa vinaniambia siku zote!"

"Basi soma kimyakimya, masikio yananiuma."

Walipokata kona ya msikiti ilikuwa saa kumi na dakika hamsini na sita. Leonce akapiga breki. Sanduku la mahari likateleza, cherahani ikaingia chini ya kiti, na kiatu cha Ubeid kikaifuata. Bwana harusi akavua kilemba na joho, akainama kukitafuta kiatu.

Kwa hiyo Mzee Munir, aliyesimama getini na saa mkononi, hakumwona Ubeid.

Alichokiona ni gari la maiti. Nyuma yake gari la Ubeid, kiti cha bwana harusi kitupu. Na Bi Khairiya ndani, uso umevimba kwa kulia.

Mtu huyu, kumbukeni, neno la mwisho alilolisikia ni makaburini. Tangu hapo alikuwa amepiga simu ya Ubeid mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja haikupatikana.

Saa ikamdondoka. Akaenda akijikokota, akaangukia boneti ya lile gari jeusi kwa mikono miwili.

"Ubeid, mwanangu! Mimi ndiye niliyekuua! Mimi na saa yangu! Ulikuwa unakimbilia kwangu, ndiyo ukafa njiani!"

Watu wakamiminika kutoka msikitini. Shekhe akaja bila viatu.

Afnan naye akatokea mlango wa wanawake, hina mbichi mikononi, shela imemteleza. Ni nesi, mwenye macho mepesi. Hakwenda kwenye gari la maiti. Alikwenda la pili, akachungulia, akauona mgongo wa Ubeid umejikunja chini ya dashibodi.

"Ubeid?"

"Afnan! Nakitafuta kiatu."

Afnan akamtazama baba yake kwenye boneti. Akamtazama tena Ubeid.

"Stay down," alinong'ona. "Usiinuke mpaka nikwambie. Baba bado hajamaliza."

Na kweli hakuwa amemaliza. "Nishuhudieni nyote!" Mzee Munir alilia. "Shekhe, nishuhudie! Lau kijana huyu angekuwa hai, wallahi ningemwozesha Afnan hata angefika mwakani! Hata angefika kwa miguu! Hata angefika kinyumenyume!"

"Tumesikia," wakaitikia watu arobaini.

"Haya," Afnan akasema. "Sasa inuka."

Mlango ukafunguka. Ubeid akatoka, kanzu nyeupe tangu shingoni mpaka chini, kichwa wazi, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi.

"Assalaam aleikum, Ami Munir. Nimefika. Bado dakika tatu."

Mzee Munir aligeuka. Akaiona ile nguo nyeupe kama sanda. Midomo ikamcheza, macho yakapanda juu, akaanguka chali mikononi mwa Leonce.

Afnan akamshika mshipa, akamfungua kola. "Yu mzima. Mapigo mazuri." Baada ya dakika mbili macho yakafunguka. Alimtazama Ubeid, akamgusa shavu, akamshika mkono asiuachie. Lakini sauti haikutoka. Alijaribu mara nne, ikatoka pumzi tupu.

"Haya, afungishe hivyohivyo!" Bi Khairiya akasema. "Si anatingisha kichwa?"

"Mimi nataka neno, sitaki kichwa," Shekhe akajibu. "Binti anaozwa na walii wake, msimamizi wake wa ndoa, kwa ulimi. Na saa kumi na moja na nusu naondoka, nina nikaha nyingine mji wa Katy. Walii anayefuata ni nani?"

Afnan akaangaza macho kwenye umati.

"Ami Twalib," alisema. "Alitoka Fort Worth asubuhi. Angekuwa ameshafika."

Akaipiga simu, akaiweka sauti juu. Ikalia mara mbili.

"Ami, uko wapi?"

Kelele za barabara zikajaa uwanjani. Kisha ikaja sauti ya mzee Twalib, ndogo, bila kicheko hata kidogo.

"Mwanangu, niko kwenye 610. Kuna jengo hapa la vioo. Hii ni mara ya tatu naliona, na petroli..."

Mjane wa Hollis hakuelewa Kiswahili, lakini hiyo namba 610 aliielewa. Alikwisha kufungua mlango wa gari jeusi. Polisi akapiga teke kuwasha pikipiki.

Ubeid akavaa kiatu cha pili. Akanyoosha mkono, akaichukua simu kwa Afnan.

"Shikamoo, Ami Twalib. Ni mimi, Bwana Mzunguko," alisema. "Usikate simu, na usiogope. Nisomee kibao kilicho mbele yako."